Fundi Bisibisi na Kampuni Iliyoogopa Kufunguliwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo tunamkumbuka mwanamke aliyezikwa Alhamisi iliyopita. Watu walimwita Bisibisi. Alikuwa fundi wa simu, na fundi hodari. Tunalirudia hilo kwa makusudi, kwa kuwa wapo waliotaka lisahaulike.

Kampuni aliyoifanyia kazi ilizaliwa katika chumba kimoja juu ya duka la magodoro. Watu watatu, meza mbili, feni moja yenye kelele. Bisibisi alikuwa wa tatu. Simu yao ya kwanza ilikuwa nene na haina urembo, lakini nyuma ilikuwa na skrubu mbili. Ukizilegeza, mfuniko unafunguka, unabadilisha betri, unaendelea na maisha yako. Skrubu mbili lilikuwa wazo la Bisibisi. Watu waliipenda simu hiyo. Miaka sita baadaye kile chumba kilikuwa jengo la ghorofa tano, lenye lango la vioo na herufi nyekundu juu ya paa.

Ndipo mkurugenzi alipong'amua kwamba simu inayotengenezeka hukaa mno mkononi mwa mtu. Akaamuru skrubu ziondolewe, mfuniko ugandishwe kwa gundi. Ikiharibika, mteja anunue nyingine. Bisibisi, wakati huo mkuu wa mafundi, alimwonya kwa maandishi mara mbili kwamba betri ile ikipata joto itavimba na haitakuwa na pa kutanukia. Hakusikilizwa. Betri zikavimba. Simu zikaanza kurudi, migongo imetuna kama mashavu ya mtoto aliyenuna.

Wafanyakazi wote wakaitwa ukumbini. Mkurugenzi akamnyooshea Bisibisi kidole, akasema: "Gundi haina kosa. Tatizo ni mkono wake. Ni mkono mbovu."

Watu mia mbili walisikia. Jioni hiyo Bisibisi hakuwa na kazi, na kila karakana aliyobisha hodi ilikwisha kupata habari za mkono wake.

Shikeni jambo hili, wasikilizaji. Bisibisi hakudai kazi yake. Hakudai fidia. Alitaka kitu kimoja tu: aliyesema mbele za watu, akanushe mbele za watu.

Kaka yake ni fundi viatu, na meza yake ilikuwa mkabala na lile lango la vioo. Akamgawia nusu. Anasimulia kwamba alimsihi dada yake atafute mtaa mwingine, asijitie chumvi kidondani kila asubuhi. Akajibiwa, "Kaka, wewe shona. Mimi nataka wanione wakiingia, wanione na wakitoka."

Naye akajifunza kufungua kisichofunguka. Aliupasha mfuniko joto kwa mashine ya kukaushia nywele, akapitisha uzi wa nailoni kwenye ufa, taratibu, kama anayemtoa mtoto mwiba kisiginoni. Betri iliyovimba aliizika katika ndoo ya mchanga. Kisha akatoboa matundu mawili, akairudishia simu skrubu zake mbili. Mteja akiuliza nani kaiharibu, Bisibisi alielekeza kidevu ng'ambo ya barabara.

Kampuni ikatuma walinzi waiondoe meza. Kaka mtu akawaonyesha kibali chake, akawauliza kama siku hizi hata soli zinabandikwa kwa gundi ya siri. Walinzi wakaondoka wakificha kicheko.

Ndipo kampuni ikafanya kosa lake kubwa. Iliwatumia wateja wake wote ujumbe mfupi, kwa siku moja: wasithubutu kupeleka simu kwa mwanamke anayezifungua mkabala na lango kuu, pembeni ya fundi viatu. Wasikilizaji, maelfu ya watu walikuwa wakimtafuta mtu kama huyo na hawakujua anapatikana wapi. Kampuni ikawaelekeza mpaka mezani. Kesho yake foleni ilizunguka jengo. Kaka mtu alicheka hadi akajidunga sindano. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Katika foleni ile watu walionyeshana simu zao. Kila mmoja alidhani ni yake peke yake iliyovimba. Wakaona kumbe ni zote. Wakavuka barabara kwa pamoja kwenda kuidai kampuni. Maduka yakakataa mzigo mpya. Ghorofa ya tano ikafungwa, kisha ya nne.

Mkono usioweza kuukata, ubusu. Mkurugenzi akaja kuubusu. Alivuka barabara kwa miguu, akamwita "mama", yeye ambaye ukumbini hakumwita hata jina. Akamsihi arudi, achague ofisi aitakayo. Bisibisi aliendelea kupasha mfuniko. Akasema ofisi abaki nazo. Amrudishe ukumbini tu, waitwe watu, asafishwe mkono wake. Mkurugenzi akanong'ona kwamba neno hilo lingeiua kampuni.

"Basi na ife," alisema Bisibisi, akamwita mteja aliyefuata.

Ikafa, katika miezi minane. Siku herufi nyekundu ziliposhushwa paani, aliagiza chai, akaketi na kaka yake, wakatazama hadi herufi ya mwisho. Mpita njia akamhurumia mkurugenzi. Kaka mtu akamjibu kwamba mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Lakini kampuni ilianguka, neno halikusemwa. Bisibisi alilingoja miaka tisa. Amefariki akilingoja.

Jana imeletwa barua hapa studio. Ni ya mkurugenzi, anaomba tuisome. Ina rambirambi, na katikati yake limo lile neno. Tukampigia binti wa marehemu. Akasema: "Mama alisemwa kwa mdomo, mbele ya watu. Karatasi haina uso wa kuona haya. Aje na uso wake."

Kwa binti huyo, na kwa mjomba wake fundi viatu, tunatoa pole za dhati. Nanyi wasikilizaji, kama yupo mliyemchafua hadharani huku mioyo yenu ikijua ukweli, mtafuteni leo, angali na masikio ya kusikia.

Barua tumeirudisha kwa mwenyewe bila kuisoma hewani. Kiti cha mgeni kiko wazi, na kipaza sauti kinafanya kazi.