Bi. Torbjørg Halsnes na Vumbi la Mlangoni

Tarehe 30 Agosti 2024 Bi. Torbjørg Halsnes anastaafu, baada ya kuitumikia nyumba yetu ya wageni hapa Longyearbyen, kwenye visiwa vya baridi karibu na ncha ya kaskazini ya dunia, kwa miaka thelathini na mmoja. Kwa utaratibu angeondoka Juni. Aliomba miezi miwili zaidi, na sababu yake inastahili kuelezwa.

Aliajiriwa kufua mashuka, akapanda hadi kuwa msimamizi wa usafi. Mlango ulikuwa himaya yake. Desturi ya kuvua viatu tuliachiwa na wachimbaji wa makaa, naye hakumsamehe mtu. Profesa mmoja alipojitetea kwamba soksi yake ina tundu, aliambiwa, “Tundu lipite, Profesa. Kiatu kibaki.”

Kila asubuhi alifagia vumbi la viatu hivyo na kulimwaga nje, kando ya ngazi. Sote hapa tulifanya hivyo. Ndani ya vumbi hilo mlikuwa na mbegu, zilizonasa kwenye soli huko mashambani na bustanini wageni walikotoka. Zamani hazikudhuru: kiangazi kilikuwa kifupi, udongo baridi, na chochote kilichochipua kilikufa kabla ya kuzaa. Siku hizi theluji inatoweka mapema na baridi inachelewa kurudi, hivyo mmea unapata muda wa kuchanua na kukomaza mbegu. Kilichobadilika ni joto. Mbegu zilikuwapo siku zote.

Kiangazi cha 2018, løvetann moja ilichanua pale ngazini, lile ua la manjano ambalo huko bara huota kila mahali. Bi. Torbjørg aliizungushia mawe kuikinga na upepo. Mwaka uliofuata zilikuwa tisa. Sigve Rømo, mtafiti wetu wa mimea, alipiga magoti akazitazama.

“Nani kapanda hizi, dada?”

“Hakuna. Zimejiotea zenyewe, maskini.”

“Hazikujiotea. Umezifagia wewe.”

Siku ya tatu Bi. Torbjørg alimfuata na swali moja: zinaweza kufika kwenye jabali la ndege? Jabali hilo liko nyuma ya nyumba, mwendo wa dakika ishirini. Ndege wa baharini hutaga pale, na mbolea yao hustawisha mimea midogo ya asili ambayo haijazoea kusongwa. Sigve alijibu kwamba upepo ukielekea huko, zitafika.

Bi. Torbjørg alizing'oa siku ile ile. Zikarudi, kwa kuwa mzizi ukikatika, kipande kilichobaki huchipua. Akajifunza kuchimba kwa kisu cha samaki, taratibu, hadi ncha ya mzizi. Vumbi sasa hufungwa mfukoni na kwenda kuchomwa. Nyumba nyingine tatu zimeiga.

Juni mwaka huu zilionekana saba mtaroni, nusu ya njia kuelekea jabali. Hiyo ndiyo kazi ya ile miezi miwili. Alizichimba zote kabla hazijapeperusha mbegu, kisha tarehe 22 Agosti akatembea na Sigve hadi chini ya jabali. Hawakuona hata moja. Hiyo si kusema hakuna. Mbegu husubiri udongoni, na kisu kimekabidhiwa kwa Sigve.

Visiwa hivi havina makao ya wazee, kwa hiyo Bi. Torbjørg anahamia Voss, huko bara, kwa dada yake. Huko malisho yote huwa ya manjano kila Mei, tangu enzi za mababu. Tunakushukuru, Torbjørg, na tunakuombea uzee wa raha. Kaa katikati ya maua hayo, wala usichimbe hata moja.