Sauti Iliyowaleta Waombolezaji Uani Kwangu

Sifa kwa Mungu aliyeniacha nipumue hadi leo, ndugu zangu!

Walisema sitashika spana tena. Walisema diploma yangu ya ufundi wa magari, niliyoipata jeshini India kwa jasho langu mwenyewe, bila mjomba wala Mzungu wa kunisukuma, itabaki pambo la ukutani. Pale Makambako madereva walinitania mbele ya watu: "Fundi, kinachotetemeka ni injini au ni wewe?" Na baba mkwe wangu, Mzee Mgaya wa Wanging'ombe, alisema neno lililoniuma kuliko yote: "Huyu hataweza kukaa na mtoto."

Ndugu zangu, alikuwa na sababu! Nilirudi kutoka vita vya Burma na viungo vyangu vyote, lakini mabomu nilirudi nayo kichwani. Mikono ilitetemeka hata kijiko kikagonga meno. Usingizi ulinikimbia. Chakula hakikukaa tumboni. Siku moja nilikuwa nimembeba mwanangu Tumaini sokoni Makambako, tairi la lori likapasuka. Nikajitupa mtaroni kama tulivyofundishwa vitani, mtoto yuko chini yangu. Nilipoinuka, mkono wake ulikuwa umevunjika. Hakulia. Alinitazama tu. Kesho yake Mzee Mgaya alikuja kumchukua binti yake Sara pamoja na mjukuu.

Nikameza vidonge vya hospitali. Nikanywa ulanzi, pombe ya mianzi, mpaka wagema wakanihurumia. Nikafika mahali pa kuutamani udongo.

Hapo Mungu akanikumbusha Mzee Raghu, mhudumu wa wodi niliyolazwa kule India. Alikuwa mtu wa yoga, na kila alfajiri alivuma kama nyuki. Aliwahi kuniambia, "Keti wima, ndugu askari. Ziba masikio kwa vidole gumba. Vuta pumzi puani, fumba kinywa, uitoe kwa sauti mpaka iishe. Sauti itakukanda ndani." Yeye alitumia neno la dini yake. Nilipomwambia mimi ni Mlutheri, alicheka: "Kwani kwenu hakuna neno?"

Lipo! Tunayo Amina!

Basi nikaanza nyumbani kwangu Njombe, kila alfajiri, mlango umefungwa. Nilitamka Amina, nikafumba kinywa na kuivumisha mpaka mifupa ya kifua ikatikisika. Mwanzoni nililia tu. Kisha usingizi ukarudi kidogo kidogo. Tumbo likatulia. Mikono ikaanza kunitii. Sisemi sauti hii inatibu malaria. Nasema nililoliona katika mwili wangu.

Asubuhi moja ya baridi kali, umande umeganda kwenye majani, jirani yangu Mama Yusta alipita akienda kisimani, akaisikia. Kijijini kwetu mtu havumi namna ile, kinywa kimefumbwa na mlango umefungwa, isipokuwa ana maiti ndani. Na mama yangu mzazi, niliyekaa naye, alikuwa mgonjwa. Mama Yusta akakimbia kuita watu. Jua halijapanda, ua umejaa! Wanawake wana kuni na unga vichwani, wanaume wana majembe ya kuchimbia kaburi. Mama akatoka na bakuli lake mkononi.

"Nani amekufa? Mnanizika na uji sijamaliza?"

Lakini utingo wa lori alikwisha kuipeleka habari Wanging'ombe, na ilipofika huko, marehemu nilikuwa mimi. Alasiri wakaingia: Mzee Mgaya na blanketi la kunizikia, Sara amejifunga kaniki ya msiba, mtoto yuko mgongoni. Sara aliponiona nimesimama mlangoni, alipiga yowe. Mwanamke aliyekuwa karibu naye akashtuka, akaangusha mzigo wake wa kuni, ukalia kama bunduki.

Ndugu zangu, wote waligeuka kunitazama! Habari ya mtaroni waliijua. Nikafumba kinywa, nikavuma taratibu. Miguu ilibaki pale pale. Mikono haikutikisika.

"Ndiyo sauti yenyewe hiyo?" akauliza Mzee Mgaya.

"Ndiyo, baba."

"Uganga wa Wahindi?"

"Ni Amina, baba. Naishikilia tu isiishe upesi."

Akalishusha blanketi begani. Kisha akamgeukia binti yake. "Sara, mfungue mtoto. Mpe baba yake."

Kuni za msiba zikapika chakula, tukala wote.

Namshukuru Mungu, ndugu zangu! Sara na Tumaini wako nyumbani, na injini za Makambako zinanijua. Lakini wamo kati yenu waliorudi na vita kichwani, wakanyamaza kwa aibu. Mimi mwenye diploma sioni aibu. Mtegemee Bwana, uje kwangu kesho alfajiri, tuketi pamoja. Majirani wakitusikia, watajua kwamba ndani humo watu wako hai.