Sahani ya Ngariba Amram

Wasikilizaji wapendwa, hapa mjini kwetu Dimona kuna sahani moja iliyokuwa ikipoa kwa miaka hamsini. Ni sahani ya ngariba wetu, Rabi Amram Buskila, aliyetutoka Jumanne akiwa na miaka themanini na minne. Miaka hamsini amewatahiri watoto wa mji huu. Na katika sherehe zote hizo, hakuwahi kula kabla mtoto hajakojoa.

Ndiyo, umesikia vizuri. Watu wanashambulia samaki na kuskusi, yeye yuko chumbani na mama mzazi. Anamwonyesha kupaka mafuta ya mgando kwenye bandeji, isije ikagandamana na kidonda. Anamwambia nepi usiikaze. Kisha anaketi kungoja mkojo, ndiyo dalili kwamba mtoto yuko salama, na mkewe, Bi Alegria, anamfunikia sahani. "Nimeolewa na mtu wa kushinda akisubiri mikojo ya watoto wa watu," Bi Alegria alizoea kututania.

Leo nataka tukumbuke siku ya mzee Makhluf Ohnona, miaka ishirini na sita iliyopita. Mzee alikuwa mgonjwa. Daktari alishampa wiki chache tu. Alibakiwa na hamu moja: kumpakata mjukuu wake wakati wa tohara. Siku ya nane tangu mtoto azaliwe, siku ya tohara kwetu Wayahudi, ikafika, meza zimeandaliwa, wageni wamejaa. Amram akambeba mtoto hadi dirishani, akambonyeza ncha ya pua kwa kidole aone rangi. Ngozi ilikuwa ya manjano. Na mtoto wa manjano hatahiriwi, anangojwa apone.

Amram akafunga mkoba wake. Baba wa mtoto, Dvir, akamfuata mlangoni.

"Rabi, nakuomba. Ni manjano kidogo tu. Baba yangu hana siku nyingi."

"Najua, mwanangu."

"Sasa?"

"Sasa kisu changu hakimgusi huyu mtoto."

Mzee Makhluf akafoka kutoka kitini: "Una roho mbaya wewe! Unataka nife na hamu yangu!"

Amram akatoka na mkoba wake. Lakini Bi Alegria anasema alilia njia nzima. "Aliniuliza, mzee akifa kabla ya tohara, nitamtazama vipi Dvir usoni?"

Kesho yake asubuhi akarudi. Na kesho kutwa. Kila asubuhi, wasikilizaji wapendwa. Akishamtazama mtoto dirishani, anakwenda kuketi na mzee. Siku tatu mzee alimpa mgongo. Siku ya nne Amram akamwambia, "Mtoto ananyonya vizuri kweli. Wewe mtu mzima supu inakushinda?"

Mzee akageuka, akanyakua kijiko. "Lete hapa, mkaidi we!"

Siku ya kumi ya kungoja, rangi ikatakata. Tohara ikafanyika chumbani kwa mzee, mtoto juu ya mto, mto juu ya mapaja yake. Halafu wakangoja pamoja. Nepi ilipolowa, mzee akapaza sauti nyumba nzima ikasikia: "Amekojoa! Mpeni huyu mkaidi chakula!"

Mzee Makhluf alifariki siku kumi na moja baadaye.

Mtoto yule ni Itamar Ohnona, na Jumanne hii alikuwa akimtahirisha mwanawe. Amram alikuwa amelazwa hospitalini, kazi ameifanya mwanafunzi wake. Itamar anasimulia: "Sherehe ilipokwisha nilimpigia simu. Hakuuliza habari za wageni. Aliuliza, 'Nepi?' Nikasema, 'Bado, Rabi.' Akasema, 'Basi nangoja.'"

Saa nane mchana Itamar akapiga tena. "Imelowa, Rabi."

Sahani ya hospitali ilikuwa kando ya kitanda, imefunikwa. "Funua, Alegria," akasema. Akala vijiko viwili vya supu. Akafumba macho, na hakuyafumbua tena.

Bi Alegria, watoto na wajukuu, poleni sana. Mungu awafariji, kama tunavyowaambia wafiwa, pamoja na wote wanaoomboleza Sayuni na Yerusalemu. Nasi wasikilizaji wapendwa, tujiulize: ni nani tumemharakisha kwa ajili ya furaha yetu, naye alihitaji siku chache tu?

Nyumba ya msiba iko wazi mpaka Jumanne ijayo. Bi Alegria ameniomba niwaambie jambo moja: chakula kipo, njooni mle kingali moto.