Shangazi Taratibu, Aliyewasimamisha Wengi

Ndugu, jamaa, majirani, na ninyi wa hospitali mliokuja na sare zenu kwa sababu zamu inawasubiri: familia imenipa kazi ya kusoma habari za maisha ya mpendwa wetu. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Mnisamehe nikimwita Shangazi. Neno "marehemu" bado sijalizoea, na yeye mwenyewe angeniuliza, "Marehemu ndiye nani?"

Shangazi alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa pili na wa mwisho wa seremala na mkewe. Mbele yake alikuwa kaka mmoja tu, baba yangu. Walikuwa wawili, baba mmoja mama mmoja, na walipendana kwa kugombana. Kaka ndiye aliyemfundisha baiskeli, kwa kumwachia kwenye mteremko huku akimkimbilia nyuma na kupiga kelele, "Breki! Breki!" Baiskeli yenyewe haikuwa na breki. Shangazi alirudi nyumbani magoti yamechubuka, akasema ameanguka mwenyewe. Hakumsemea.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana ya baba yake, kisha sekondari ya bweni, akamaliza mwaka 1979. Alitaka uuguzi. Nafasi zilikuwa zimejaa, akapelekwa kusomea usaidizi wa fiziotherapia, kazi ambayo pale nyumbani hakuna aliyeijua. Bibi akawaambia majirani binti yake anasomea kukanda watu. Shangazi alinuna, halafu akazoea, halafu yeye mwenyewe akawa anajitambulisha hivyo.

Aliajiriwa mwaka 1982 katika idara ya mazoezi ya viungo ya hospitali kubwa, akabaki hapo hadi alipostaafu mwaka 2021. Wengi mnaijua idara ile: chumba kirefu, vyuma viwili sambamba vya kujishikilia, ngazi za mbao zisizoelekea popote, na kioo ambacho wagonjwa hawapendi kukitazama. Mtaalamu humpima mgonjwa na kuandika mpango. Msaidizi huufuata siku kwa siku. Watu hudhani basi msaidizi hana la kuamua. Wee! Shangazi aliamua kila asubuhi. Alimuuliza mgonjwa amelalaje, akamtazama rangi ya uso, akasikiliza mapigo ya moyo, akamgusa kigimbi kuona kama kina joto au kimevimba. Ndipo alipochagua: tuendelee kama ilivyoandikwa, tupunguze, au tuache kabisa na aitwe mwenye mpango. Kuubadilisha mpango kwa kichwa chake hakukubali kamwe. "Mimi siandiki," alisema. "Mimi napiga kelele."

Na alipiga kweli. Mwalimu mkuu mmoja mstaafu, aliyewekewa goti jipya, alitaka kupanda ngazi kwa nguvu kwa sababu siku hiyo ilikuwa siku yake ya ngazi. Shangazi aligusa mguu, akautoa mkono. "Mwalimu, leo hakuna shule," akamwambia, akamrudisha kitandani na kumwita mtaalamu. Damu ilikuwa imeganda mguuni. Mwalimu alimnunia wiki nzima, kisha akaanza kumwita Taratibu, na jina likaenea wodi zote.

Mume wake, fundi umeme, alimpata humo humo idarani. Alikuja kutengeneza taa. Shangazi akamtazama anavyopanda ngazi yake, akamwambia goti lake la kushoto lina shida. Fundi akajibu, "Dada, nimeitwa kwa ajili ya taa, siyo goti." Taa ile ilimchukua siku tatu, na mafundi waliopo hapa wanajua kubadilisha taa huchukua muda gani. Walifunga ndoa tarehe 16 Agosti 1986, wakajaliwa watoto wawili.

Sasa nifike pale ambapo ningependa kuruka. Mama amesema nisiruke.

Mwaka 1998 baba yangu alipata kiharusi. Alikuwa kinyozi, mtu wa kusimama kutwa. Alizoea kusema kwamba kwenye duka lake anayekaa ni mteja tu. Idara ina desturi kwamba usimshughulikie ndugu yako, maana macho yanakosa utulivu. Lakini msaidizi wa pili alikuwa likizo, na Baba hakutaka kushikwa na mwingine. Mkuu akaruhusu. Mpango ulisema Jumatano asimamishwe. Baba alikuwa amemtuma Mama alete viatu vyake vyeusi, akavivaa akiwa bado amelala.

Shangazi alimkalisha ukingoni mwa kitanda. Presha ikaporomoka, jasho likamtoka, macho yakaanza kumpotea. Akamlaza haraka, akamwita mtaalamu, mtaalamu akamwita daktari. Yote hayo aliyafanya kama alivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kusema alikosea. Lakini Baba alipopata nafuu alimshika mkono. "Nisimamishe, mdogo wangu. Mara moja tu." Na Shangazi, ambaye kwa mgonjwa mwingine angesema hapana na kueleza sababu, alimwambia kaka yake, "Kesho. Kesho nakusimamisha, naahidi." Mama alikuwa nyuma ya pazia, akasikia. Akaja nyumbani anacheka, akatuambia kesho baba yenu anasimama.

Baba alifariki alfajiri, viatu vikiwa chini ya kitanda.

Mama alimwambia Shangazi neno moja tu kwenye msiba: "Ulimwahidi." Baada ya hapo wakawa watu wa salamu. Kwenye harusi waliketi meza tofauti. Mmoja akiingia jikoni, mwingine anakumbuka kitu sebuleni. Sisi watoto tuliamini Mama amekasirika kwa sababu Baba hakusimamishwa, na kila mara tulimweleza mambo ya presha, kana kwamba hajui. Alijua. Siku moja alitufokea, "Najua asingeweza kusimama! Nani kawaambia nalilia kusimama? Nalilia lile neno. Angeniambia kweli, ningekaa naye usiku ule. Nilikwenda kulala nyumbani nikingoja kesho." Hatukumpelekea Shangazi maneno hayo, kwa kuogopa kuwasha moto upya. Yeye naye hakuuliza.

Shangazi alianza kuumwa mwaka jana, mwezi wa Septemba. Vipimo vikaonyesha saratani ya ini. Wenzake wa zamani walimfanyia mazoezi kitandani, naye akawa mgonjwa msumbufu kuliko wote: kabla hujamgusa anakuuliza umeangalia presha. Mwezi uliopita Mama alikubali kwenda kumwona. Nilikwenda naye. Alifika hadi benchi la nje ya wodi, akaketi na mfuko wa machungwa mapajani, akaketi sana. Mwisho akanikabidhi mfuko. "Mpe wewe," akasema, akainuka akaenda zake.

Nikaingia, nikaanza kuyatoa. Shangazi alilitazama chungwa la kwanza. "Ya nani haya?"

"Ya Mama."

"Yuko wapi?"

"Ameondoka."

"Haya," akasema. Akaomba nimmenyee.

Alifariki Jumanne tarehe 14 mwezi huu, saa nane mchana, mume wake akiwa amemshika mguu, kwa sababu alilalamika kwamba miguu inapoa.

Juzi, nyumbani kwa msiba, mkuu wa idara alikuja kutoa pole. Akasimulia kwamba kila msaidizi aliyefundishwa na Taratibu amekatazwa kumwahidi mgonjwa kesho. "Alitwambia: sema leo hapana, toa sababu, na waambie watu wake wabaki naye. Alisema aliwahi kumwahidi kaka yake kitu ambacho hakuwa nacho mkononi, na mkewe akakosa kumuaga." Mama alikuwa anamimina chai. Akaweka birika chini.

"Alisema hivyo? Mkewe?"

"Kila mwaka, mama. Kwa kila kundi jipya."

"Miaka yote hiyo," Mama akasema. "Mbona hakuniambia mimi?" Kisha, kabla mtu hajajibu: "Na mimi mbona sikumwambia?" Akatoka nje, tukamwacha alie.

Karatasi mliyoshika mikononi ilikuwa imeshachapwa. Orodha ya waliofiwa iliandaliwa na sisi vijana, na jina la wifi yake hatukuliweka, tukidhani tunaepusha maneno. Mama ameniagiza niisome upya kwa sauti, hata aliye nyuma kabisa asikie.

Shangazi ameacha mume, fundi umeme. Ameacha mtoto wa kike, mwalimu. Mtoto wa kiume, fundi kama baba yake. Na wajukuu wanne. Ameacha watoto watatu wa kaka yake, na mimi ni mmojawapo. Na ameacha wifi, mke wa kaka yake, yule pale mbele kwenye kiti cha kwanza, ambaye ameniambia nisome hivi: "Wifi yake yupo. Amechelewa."

Pumzika, Shangazi. Amani iwe nawe.