Kufuli Mpya

Kwenye gari la Ndithini, Kavinya alitega sikio ingawa hayakumhusu. Mbele yake mjane aliyepakata Biblia alikuwa akimwambia abiria asiyemjua, "Shemeji zangu wanataka nile kiapo cha kithitu, kile cha jadi kinachoua mwongo, kwamba sikumuua ndugu yao. Nimekataa. Mimi nimeokoka, Mungu ndiye ngao yangu."

"Amina, mama. Na wakikuja usiku?"

"Mungu hasinzii."

"Yeye hasinzii, lakini wewe unasinzia." Yule bwana akatoa kufuli mpya mfukoni. "Shika. Mimi niko na ingine nyumbani."

Mjane akaipapasa, akamrudishia. "Asante, mwanangu. Mlango wenyewe waliung'oa Jumapili, nikiwa kanisani."

Kavinya alikuwa ameshaandaa mstari wa Zaburi. Akaumeza. Gari likasimama, mjane akashuka na Biblia yake.