Bi. Badria Haroub Anastaafu Jumanne, Majibu Yake Alhamisi

Baada ya miaka ishirini na moja ya kututangazia vifo redioni, Bi. Badria Haroub anastaafu Jumanne, tarehe 30 Juni 2026. Majibu ya kipimo cha kinyama alichokatwa kooni yatatoka Alhamisi, siku mbili baadaye. Mtaniwia radhi nikisimulia roho juu juu, maana hapa kituoni wiki hii hakuna anayelala vizuri.

Alitujia mwaka 2005 akitoka kufundisha darasa la kwanza Jang'ombe. Alipewa matangazo ya vifo kwa sababu wengine wote waliyakimbia, naye akayafanya kazi ya heshima. Tangazo halikwenda hewani mpaka ampigie simu aliyelileta, ahakikishe jina la utani la marehemu, msikiti atakaosaliwa na saa ya maziko. Familia zilizosahau kuwataja watoto wa mke mkubwa alizirudisha barazani zikakumbuke. Baadhi walinuna, lakini hakuna mtoto aliyekosa kumzika mzazi wake kwa kosa letu.

Shida yake ilikuwa sokoni. Akiuliza tu bei, muuza samaki huweka kisu chini na kusema, "Inna lillahi, nani tena leo, Bi. Badria?" Naye humjibu, "Hajafa mtu. Nnataka changu wawili wa kupaka."

Miaka mitatu iliyopita sauti ilianza kukwaruza. Tulidhani mafua, tukamletea tangawizi. Daktari wa koo alikuta vinyama vimeota kwenye nyuzi za sauti. Vilichomwa kwa miale ya leza Dar es Salaam, sauti ikarudi, tukafanya karamu. Baada ya miezi minane vikaota tena palepale. Akachomwa mara ya pili, na safari hii akaamriwa anyamaze siku kumi na nne, hata kunong'ona asinong'one.

Hapa nina langu la kukiri. Siku ya tisa, familia moja ya Ng'ambo ilileta tangazo la mama yao. Marehemu aliacha wasia kwamba asomwe na Bi. Badria, si mwengine. Mimi, Tahiya Simai, ndiye niliyekuwa mhariri wa zamu, na amri ya daktari niliijua. Nikaona haya kuukataa wasia wa maiti, nikampelekea karatasi nyumbani. Alikuja, akasoma dakika moja na nusu, na jina la mwisho likamkwama. Miezi minne baadaye vinyama vilirudi, vingi zaidi, na kimoja daktari hakuipenda rangi yake.

Nilikwenda kumtaka radhi. Kwa kuwa amekatazwa tena kusema, alichukua kalamu akaniandikia: "Daktari kasema hivi hurudi vyenyewe, hata ningekuwa bubu. Wacha kujitesa, mwanangu." Karatasi hiyo ninayo mkobani. Naisoma kila siku, na bado naogopa.

Hafla yetu ya Jumanne haitakuwa na hotuba yake. Nawaomba vijana msimwamkie, kwani Bi. Badria hajawahi kuacha shikamoo ipite bila marahaba, na hataanza uzeeni. Mpeni mkono, mtabasamu, basi.

Wengi wetu tulikwisha kumwomba, kila mtu kwa siri yake, kwamba siku yetu ikifika atusome yeye. Mimi nilimwomba mara mbili. Leo ombi hilo naliondoa mbele ya wafanyakazi wote.

Bi. Badria, ahsante kwa watu wote uliowawahisha kwenye maziko ya wapenzi wao. Mola akujaalie majibu ya kheri, afya, na umri mrefu wenye raha kwa wajukuu zako. Tangazo langu atalisoma Nadra, uliyemfundisha mwenyewe. Wewe siku hiyo uwe nyumbani kwako, mzima, unasikiliza.