Bibi wa Muhuri Mkavu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, mshauri wa wanafunzi wa chuo chetu anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Kwenye barua za utawala ana jina kamili na cheo kirefu. Kwingine kote, kuanzia getini hadi maktaba, anaitwa Bibi.

Ni bibi kweli, tena wa wajukuu sita, na picha zao zimejaa ukutani mpaka kalenda imekosa pa kuning'inia. Jina hilo limewahi kuzua kesi. Mwanafunzi mmoja alimwambia mchumba wake kwenye simu kwamba hawezi kuongea, yuko kwa bibi. Uchumba ulinusurika baada ya Bibi mwenyewe kuchukua simu na kutaja umri wake.

Alianza kama mpiga chapa wa idara ya usajili, akasoma jioni, akapata shahada akiwa na mimba ya mtoto wa tatu. Ofisi namba tisa, ya mshauri wa wanafunzi, alikabidhiwa kwa miezi miwili tu, wakati mshauri aliyekuwepo akiumwa. Miezi hiyo miwili ndiyo inayoisha Ijumaa.

Kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa karatasi moja, fomu ya kuacha masomo. Bila muhuri wake haiendi popote, na muhuri wa Bibi ulikuwa na maradhi yake: kila ilipoletwa fomu hiyo, wino ulikuwa umekauka. "Mjukuu wangu, njoo kesho," angesema. Kesho yake wino ulikuwa bado haujaletwa. Kufikia siku ya tatu wengi walishaongea, wakalia, wakaisahau fomu mezani.

Karani wake, ambaye ndiye anayeandika maneno haya, hakulijua hilo. Mwezi wake wa kwanza kazini, Bibi akiwa kikaoni, alijitia kimbelembele akaijaza wino pedi ya muhuri. Mchana huohuo akaja binti wa mwaka wa pili, macho mekundu, fomu mkononi. Karani akamgongea muhuri safi na kumtakia safari njema.

Bibi aliporudi na kuiona pedi imelowa, aliuliza nani amekuja. Hakufoka. Nilipomtajia, alikaa, akasema binti yule alimzika mama yake wiki mbili zilizopita na hajui pa kwenda. Siku tatu tulimtafuta mabwenini, stendi, hospitalini, na kila simu ilipolia niliomba Bibi asiipokee. Siku ya nne tulimkuta kwa shangazi yake, anafua. Bibi alivuta beseni la pili, akaanza kusuuza. Walifua pamoja mpaka nguo zikaisha. Jumatatu binti alikuwa darasani, na baadaye alihitimu.

Ningependa wasifu huu uwe wa kucheka tu, lakini ukweli ni kwamba naogopa. Funguo za ofisi namba tisa nimekabidhiwa mimi. Jana niliangalia orodha ya wanafunzi watakaokuja Jumatatu. Wa kwanza ni kijana wa mwaka wa tatu, na penye sababu ya kuja ameandika neno moja: kuaga. Sijui anaaga chuo, au anaaga nini.

Nilimpelekea Bibi karatasi hiyo na kumwambia nimeshindwa kazi kabla sijaianza. Alivaa miwani, akasoma mara mbili, akainuka.

"Mimi naogopa tangu siku ya kwanza," alisema. "Siku ukiona huogopi tena, omba uhamisho. Haya, twende. Jumatatu ni mbali."

Kijana alifungua mlango wa chumba chake bwenini tulipobisha mara ya tatu, tukakaa naye mpaka usiku wa manane. Ndiyo sababu maandishi haya yamemfikia mchapaji yamechelewa.

Bibi, wenzako tunakushukuru. Mungu akujalie afya, wajukuu wengine, na asubuhi za kuamka bila hofu yoyote. Hofu hiyo tuachie sisi.